Ufa wa Ndege Si Kosa la Mtoto

Lipo neno moja lipitalo vinywani mwa wazazi wengi wa Temeke na Kinondoni, na hata mwa walimu wenzangu, nami nimeazimia kulipinga waziwazi mbele ya wasomaji wa gazeti letu. Neno lenyewe ni hili: kitu kilichotoka kiwandani hakikosei, ukiona hakikai sawa mikononi mwako, mkosaji ni wewe. Wengine hulitia chumvi kwa kutaja Ulaya au Japani au Uchina, kana kwamba chombo kikivuka bahari huoshwa dosari zake zote njiani.

Msidhani kuwa ni neno dogo la kupita. Mtoto aliyelelewa nalo hufundishwa kutoyaamini macho yake mwenyewe, na mtu asiyeyaamini macho yake hafai kuwa fundi, wala mwuguzi, wala mhesabu wa sadaka za kanisa. Mwishoni mwa muhula uliopita lilisemwa katika kikao cha wazazi, likamwangukia mtoto wa darasa la sita, naye amesimama pale mlangoni anasikia. Yafaa nieleze habari yote, ili msomaji aliye mbali na mji apate kuhukumu kwa haki.

Mjomba wa mtoto yule ni baharia. Aliporudi safari alimletea sanduku la ndege ya mfano, nayo ni mfano wa jeti ile kubwa, Boeing 787, iitwayo Dreamliner. Ndani ya sanduku kama hilo hakuna ndege. Mna vipande vya plastiki vilivyoshikwa na vijiti vya plastiki hiyo hiyo, mfano wa matunda yaliyo bado katika kichala, pamoja na karatasi ya kuonyesha kipi kiungwe na kipi. Kila kitu kimepunguzwa mara 144. Ndege ya kweli ina urefu wa kadiri ya mita 57, basi ile ya sandukuni haifiki sentimita 40; mabawa yake ya kweli yana upana wa mita 60, na yale ya sandukuni ni kadiri ya sentimita 42. Mtoto huvikata vipande, huvisugua kwa msasa, huviunga kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Si kazi ya saa moja. Ni kazi ya majuma, nayo yataka utulivu ambao watu wazima wengi hawana.

Basi mtoto huyu alizitwaa nusu mbili za mwili wa ndege, akaziunga, akaona haziishii mahali pamoja. Puani zilikutana, lakini mkiani nusu ya kushoto ilimpita mwenzake. Akazibana kwa vibanio vya nguo vya mama yake, akalala; asubuhi akakuta zimeachana. Bawa la kuume nalo lilisimama mbali na mwili, pakabaki ufa uingiao ukucha. Baba yake alipouona ufa ule hakuuliza neno. Alisema kuwa mtoto ameharibu kitu cha thamani, akamchapa, akaliweka sanduku juu ya kabati. Hata siku ya kikao akatutolea kisa hicho kuwa ni mfano wa watoto wa siku hizi wasiofuata maelekezo, na wazazi wengi wakatikisa vichwa kumkubali. Mzee mmoja akatia muhuri kwa methali: Mchagua jembe si mkulima.

Namheshimu mzee yule, na baba wa mtoto namjua kuwa ni mtu wa bidii na mcha Mungu. Walakini heshima haitupi ruhusa ya kuuacha uongo upite. Nalimwomba lile sanduku, akanipa bila kinyongo. Siku ya pili yake tulizilaza zile nusu mbili juu ya meza mbele ya darasa, tukazipima kwa rula. Watoto watatu walipima mmoja baada ya mmoja, kila mmoja akiandika jawabu lake pasipo kumwonyesha mwenzake, na karatasi zote tatu zikasema jambo moja: nusu ya kushoto yaizidi ya kuume kwa milimita 2. Utasema milimita 2 si kitu. Haya, zizidishe mara 144. Utapata milimita 288, karibu futi nzima. Na ule ufa wa bawa, uliokuwa milimita 1 tu, katika ndege ya kweli ungekuwa zaidi ya sentimita 14, mtu akapitisha mkono wake bila taabu. Ndege ambayo ubavu wake mmoja umeuzidi mwingine kwa futi moja, ni nani atakayesema kuwa kosa ni la abiria?

Wala si ajabu kupatikana kosa kama hilo, kwa maana plastiki ina tabia zake. Kiwandani huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu nyingi ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, kalibu ikafunguliwa. Ikipoa hunywea, tena hainywei sawasawa. Mahali penye unene hunywea zaidi, pakawa na kishimo. Kipande kikitolewa kingali na moto kikatupwa juu ya vingine, hupinda. Na kalibu yenyewe huzeeka. Kingo zake zikilika, plastiki huchuruzika pembeni na kuacha utando mwembamba mfano wa ndevu, na vipande vilivyooana vizuri katika mwaka wa kwanza huenda visioane kabisa katika mwaka wa ishirini. Lakini karatasi ya maelekezo haizeeki. Ile picha huonyesha daima nusu mbili zikikutana kama viganja vya mtu aombaye. Mtoto akiitazama picha, kisha akavitazama vipande, aamini kipi? Baba yake amekwisha kumjibu kwa fimbo kwamba aamini picha.

Huko Uingereza, Marekani na Japani wako watu wazima, wenye mvi, ambao huunga ndege za namna hii kwa kujifurahisha, nao wana vyama na magazeti yao. Katika magazeti hayo huandika bila haya kwamba sanduku fulani la kampuni fulani lina ufa katika maungio ya bawa, na ufa huo ni wa kadiri gani, na dawa yake ni nini. Hakuna amwonaye mwandishi kuwa mchonganishi. Wenye viwanda huyasoma, na mara nyingine hutengeneza kalibu mpya. Ndiyo kusema kwamba wale tunaowasingizia kutokosea wao wenyewe hawajidai hivyo. Utukufu huu tumewavika sisi.

Nirudi kwa methali ya mzee. Mchagua jembe si mkulima: ni neno la kweli, lakini hapa limewekwa mahali pasipo pake. Mkulima hodari hachagui jembe, naam, walakini hulitazama kabla ya kwenda shamba. Likiwa butu hulinoa. Mpini ukilegea hutia kabari. Je, aliyetia kabari amelilaumu jembe? Ameona kasoro, akaitaja kwa jina lake, akaitengeneza, akaenda kulima. Anayelaumiwa na methali ni yule mvivu aliyeketi kivulini akilisema jembe. Mtoto wetu hakuketi kivulini. Alikuwa bado anatafuta kabari alipopokonywa kazi yake.

Na tuende Keko, ambako maseremala wamejaa barabarani na vitanda vyao na makabati yao. Simama hapo nusu saa umwangalie fundi akitia mlango katika kabati. Ameukata kwa kipimo, lakini mbao imekauka, na mlango hauingii. Hakuna fundi hata mmoja atakayeupiga teke uingie. Huuinua, hutazama unapogusa, hupitisha randa mara mbili, hujaribu tena. Pakibaki ufa huchanganya unga wa msumeno na gundi akauziba, kisha msasa. Au mwende Kunduchi mahali wanapotengeneza mashua. Hakuna mbao za mashua zilizowahi kuoana hata maji yasipite; ndiyo maana yako maarifa ya kutia kalafati, kushindilia pamba yenye mafuta katika kila maungio, nayo ni maarifa ya watu wa pwani hii tangu enzi za mababu. Fundi wa mashua haoni haya kwa kalafati. Angeona haya kama angeshusha mashua majini bila hiyo. Na tusomao Maandiko twajua kwamba Nuhu, aliyepewa vipimo na Mungu mwenyewe, aliamriwa hata hivyo aipake safina lami ndani na nje.

Najua nitajibiwa kwa hekalu la Sulemani, ambalo twasoma kuwa mawe yake yalichongwa kabisa machimboni, hata nyundo isisikike nyumbani mwa Bwana wakati wa kujenga. Vema. Lakini mawe hayo hayakuoana kwa sababu yalitoka mbali. Yalioana kwa sababu huko machimboni walikuwako watu waliopima, na kukataa jiwe lisilofaa, na kulichonga tena. Kimya cha hekalu kilinunuliwa kwa makelele ya machimbo. Ninachowatakia watoto wetu ni kuwa watu wa machimbo.

Sasa tuiache ndege ya mfano, tuitazame ile ya kweli. Shirika letu la Air Tanzania lilipokea Dreamliner yake ya kwanza mwezi wa Julai 2018, na watu wa Yombo na Kipawa wanaijua kwa mlio wake. Wengi hudhani kuwa jeti kubwa kama ile humiminwa mahali pamoja, nzima, kama sufuria. La hasha. Nayo huungwa kwa vipande vilivyotoka mbali: mabawa hutengenezwa Japani, sehemu nyingine za mwili Italia, pua yake katika jimbo la Kansas kule Marekani, kisha vyote hukutanishwa. Mwaka 2007, walipokuwa wakiiunga ndege ya kwanza kabisa ya aina hiyo, sehemu ya pua ilikutana na sehemu iifuatayo, pakaonekana pengo la kadiri ya theluthi moja ya inchi. Mabingwa wa dunia, wenye mashine za kupimia kwa mwanga, walisimama mbele ya ufa kama alivyosimama yule mtoto wa darasa la sita. Ndege hiyo ilitolewa nje kwa shangwe tarehe 8 Julai 2007, ikionekana kuwa tayari, kumbe ndani yake ni ganda tupu. Haikuruka mpaka tarehe 15 Desemba 2009.

Wala si Marekani peke yake. Mwaka 2006 Airbus walikuwa wakiiunga ile ndege yao kubwa ya ghorofa mbili, A380. Nyaya za umeme zilizotayarishwa Hamburg, Ujerumani, zilipofikishwa Toulouse, Ufaransa, zilikuwa fupi, hazikufika mahali zilipotakiwa. Sababu yake yachekesha na kuliza: wachoraji wa nchi hizo walitumia programu ya kuchorea ya jina moja lakini si ya toleo moja, na kila upande uliziamini karatasi zake. Ndege ikachelewa kwa muda upatao miaka miwili, na hasara ikawa kubwa mno.

Tena kwa habari ya Dreamliner mambo hayakwisha mwaka 2007. Ndege hii haikuundwa kwa bati, bali kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa pamoja. Sheria ya kiwanda yasema kwamba katika maungio ya mwili, pengo lisilojazwa lisizidi inchi 0.005, kadiri ya unene wa unywele. Likizidi hapo, hukatwa kipande chembamba cha kujazia, kilichopimwa kwa pengo lile lile, kikatiwa. Mnaona basi kwamba wenye kiwanda wana kabari zao na kalafati yao, nao huziandika katika vitabu bila aibu. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba katika ndege nyingine vijazio havikuwa sawa, na mapengo yamezidi kipimo. Wenyewe walisema kuwa hapakuwa na hatari ya papo kwa papo. Hata hivyo kazi ya kuzikabidhi ndege mpya ilikatizwa, na tangu Mei 2021 hata Agosti 2022 ikasimama, mpaka mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliporidhika na matengenezo. Ndege nyingi mno zilikaa chini kwa ajili ya ufa wa unywele.

Mwezi wa Aprili 2024 mhandisi mmoja wa Boeing, Sam Salehpour, alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani. Alishuhudia kwamba kazi ya kupima na kujaza mapengo ya Dreamliner ilikatwa njia za mkato, na kwamba katika ndege nyingine ya kampuni hiyo aliona kwa macho yake watu wakirukaruka juu ya vipande ili vikae sawa. Kampuni imekana, nayo yasema kuwa ndege zake ni imara. Kesi hiyo si yangu kuikata. Nataka tu wazazi watambue jambo lenyewe linalobishaniwa huko, kwamba ni lile lile lililobishaniwa katika kikao chetu: kipande kikikataa kukaa, je, tupime, au tulazimishe? Katika kikao chetu, mzazi mmoja alisema mtoto angebana kwa nguvu zaidi. Asemaye hivyo na ajue ametoa shauri gani. Plastiki iliyolazimishwa hunyamaza juma moja au mawili, kisha maungio hufunguka yenyewe. Mtoto aliyelazimishwa naye hunyamaza.

Labda mtu atasema kuwa hawa ni mabingwa, na mtoto ni mtoto. Mabingwa wana haki ya kumshitaki karatasi, mtoto ajifunze kwanza kutii. Basi na tumtazame baba mmoja mchungaji, kwa kuwa gazeti hili ni la Wakristo. Milton Wright alikuwa askofu wa Kanisa la United Brethren kule Marekani. Mwaka 1878 alirudi safari na kichezeo kidogo cha gome laini, mianzi na karatasi, chenye mpira uliosokotwa, ambacho kikiachiliwa huruka mpaka darini. Alikileta kwa wanawe wawili, Wilbur mwenye miaka 11 na Orville mwenye miaka 7. Kichezeo hakikuchukua muda kikavunjika. Askofu hakuchukua fimbo. Watoto wakatengeneza vingine kwa mikono yao, wakajaribu na vikubwa zaidi, wakaona ajabu kwamba kadiri kilivyozidi ukubwa kilizidi kukataa kuruka. Hata mama yao, Susan, hakuwafukuza, maana yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kutumia vyombo vya ufundi. (Wamama wa Mbagala na Tandale wanaodhani nyundo ni ya wanaume, hapa pana ushuhuda.)

Vijana hao walipokua wakawa mafundi wa baiskeli, kazi ambayo kwetu haihesabiwi kuwa kazi. Mwaka 1901 waliunda chombo cha kuelea hewani kwa kufuata hesabu zilizopigwa chapa na wataalamu wakubwa, na chombo kikapata nguvu ya kuinuka iliyopungua sana kuliko vitabu vilivyoahidi. Hapo palikuwa na njia mbili. Wangaliweza kusema: vitabu havikosei, sisi waunda baiskeli ndio tuliokosea, wakarudi dukani kwao, na dunia ingalimngoja mwingine. Walichofanya ni kutengeneza sanduku refu la mbao, wakapitisha upepo ndani yake, wakaning'iniza humo mabawa madogo madogo, mifano ya bawa la ndege, yasiyozidi kiganja. Mizani zao walizitengeneza kwa spoki za baiskeli na vipande vya msumeno wa chuma. Walipima mifano ipatayo mia mbili. Ndipo wakahakikisha kwamba kipimo kimoja kilichotumiwa na wahandisi tangu karne ya 18 kilikuwa na kosa kubwa. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka.

Wenye gari za waya mlioko Tandika na Manzese, mnaochonga magurudumu kwa kandambili kuukuu, fikirini: ndege zote zipitazo juu ya mapaa yetu zimetoka katika mkono wa watu walioshika spoki ya baiskeli na kukisahihisha kitabu.

Sisemi kwamba kila mzazi akanunue sanduku la plastiki. Bei yake ni kubwa kwa mtu wa kawaida, na ada na unga hutangulia. Ndege ya kopo la maziwa yafundisha mengi, wala sioni haya kuisifu. Yapo hata hivyo mafunzo ambayo kopo haliyatoi: kopo halina karatasi ya kulipinga, mtoto hukata apendavyo. Katika sanduku, mtoto hukutana kwa mara ya kwanza na maandishi yasemayo hivi, na kitu kisemacho vile, naye apaswa kuamua. Hilo atakutana nalo maisha yake yote, katika vidonge vya hospitali, katika stakabadhi ya duka, katika hati ya kiwanja.

Hata walimu hatuko salama. Twaagiza kazi za mikono, na asubuhi huja fagio zilizonunuliwa sokoni, na mikeka iliyosukwa na bibi, nasi twaijua, twatia alama. Alama hizo ni za bibi. Kitu kisicho na kasoro mikononi mwa mtoto wa darasa la nne kingetupasa kukitilia shaka, lakini sisi twakisifu, na kile kilichopinda ambacho mtoto amekihangaikia mwenyewe twakipa alama ndogo. Halafu twashangaa kuona vijana waliofaulu vizuri wasioweza kutia bawaba.

Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kutumika, na katika sekondari umewekwa mkondo wa amali kando ya ule wa elimu ya jumla. Chang'ombe ipo VETA. Mabibo kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambacho hufundisha hata matengenezo ya ndege. Milango ipo. Atakayeingia ni mtoto gani? Fundi wa ndege mshahara wake ni wa kuona. Hulipwa ili atembee na taa mkononi akitafuta ufa, na akiuona auandike na kutia sahihi yake, hata kama mkubwa wake amekasirika, hata kama abiria wamekwisha kukaa vitini. Mtoto aliyechapwa kwa kuonyesha ufa akiwa na miaka 12 ataipata wapi sahihi hiyo akiwa na miaka 30?

Mtu aweza kuniuliza ndege ile iliungwaje mwisho, na ni haki aulize. Tuliifungua yote. Kabla ya kuifunga tulitia puani chubwi mbili za wavuvi, maana pua ikiwa nyepesi ndege huketi juu ya mkia wake kama mbwa, na karatasi yalitaja jambo hilo kwa herufi ndogo mno. Kisha tulianzia puani, tukaunga sentimita 4 tu kwa siku, tukingoja ikauke, ili ile tofauti isiuvute mwili bali isukumwe nyuma yote hata mkiani, na huko tukaiondoa kwa tupa. Kwenye bawa tulikata vipande vyembamba katika vile vijiti vya plastiki, tukavijaza katika ufa. Vumbi lililobaki tukaliyeyusha katika gundi likawa kama uji mzito, tukaziba, tukalala. Asubuhi umenywea, tukaziba tena. Msasa na maji, mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Mfunguaji wa njia katika hayo yote alikuwa mtoto mwenyewe, ambaye alijua mahali penye matata kuliko mwalimu wake, kwa kuwa alikwisha kupatazama sana.

Kwa maonyesho ya muhula ujao nimewaomba walimu wenzangu jambo moja, na wazazi wasikiapo wasishangae. Kazi za mikono na ziletwe kabla hazijapakwa rangi. Kila ufa uzungushiwe mstari wa penseli, na kando yake mtoto aandike upana wake kwa milimita, na kama chanzo chake ni mkono wake au ni kiwanda. Nani atakayepima kuhakikisha? Yule mzee wa methali amekubali kuwa mmoja wa wapimaji, naye ameniagiza nimtafutie rula yenye namba kubwa.